Jiwe la waridi kutoka Mahenge: ni rangi gani ya nguo na mapambo inayolifaa?

Binti wa Uluguru aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa vito, nguo na mapambo. Mchumba wangu amenunua spineli ya rangi ya waridi iliyochimbwa Mahenge, wilayani Ulanga, na imekwisha kukatwa Arusha kwa umbo la yai. Uzito wake ni karati mbili na ushee. Haijafungwa bado kwenye pete, kwa sababu tulitaka kwanza kuamua rangi za harusi, na familia zote mbili zimekubaliana kwamba jiwe hilo ndilo liongoze: sare za akina mama, vitambaa vya meza, maua na kadi, vyote vifuate rangi yake.

Kazi imekuwa ngumu kuliko tulivyotarajia. Nimelipeleka jiwe kwenye maduka ya vitambaa na kulilaza juu ya kila kitambaa cha waridi nilichoonyeshwa, lakini kila kimoja kinafifia kando yake. Nikisimama kivulini nje ya duka, rangi yake inakaribia nyama ya tikiti maji lililoiva vizuri. Ndani, chini ya taa nyeupe, inapoa na kuelekea urujuani kidogo. Usiku nyumbani, chini ya balbu yenye mwanga wa manjano, inakuwa karibu nyekundu. Nimelilinganisha pia na vitu tulivyonavyo kila siku: maua ya bogenvilia ya uani, kashata za nazi zilizotiwa rangi, pera lililopasuliwa, juisi ya rosela. Juisi ya rosela ndiyo iliyokaribia, tena pale tu nilipoinua glasi ikapitiwa na jua. Kashata na pera havikukaribia hata kidogo.

Naomba kufahamishwa kwa nini rangi ya jiwe hili haitulii, na kama kweli kuna kitambaa au ua linaloweza kufanana nalo. Shangazi yangu anasema jiwe linalobadilika hivyo lina walakini, na maneno hayo yamemsumbua mchumba wangu, ambaye aliweka akiba kwa muda mrefu ili alinunue.

Mkata Vito wa Arusha alijibu:

Dada, hongera kwa uchumba, na umpe shangazi heshima zake, lakini umwambie kwamba alichokiona ndicho kinachowafanya watu watafute spineli ya Mahenge. Nimekaa kwenye mashine ya kukatia vito kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na sijachoka kuitazama rangi hiyo, kwa hiyo naomba uvumilie maelezo marefu kidogo.

Spineli ni oksidi ya magnesiamu na alumini. Ikiwa safi kabisa haina rangi yoyote. Waridi huletwa na kromiamu, ambayo huingia kwa kiasi kidogo sana na kukaa mahali ambapo ingekaa alumini. Ikiingia kwa wingi zaidi, jiwe huwa jekundu. Kromiamu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Kazi ya kwanza ni kumeza sehemu ya mwanga: humeza urujuani, na humeza kijani pamoja na manjano, kisha huacha nyekundu ipite pamoja na bluu kidogo. Kazi ya pili ni kutoa mwanga wake yenyewe. Miale ya bluu, ya kijani na hata ile isiyoonekana kwa macho inapoingia ndani ya jiwe, kromiamu huipokea na kuirudisha ikiwa myekundu. Jiwe la Mahenge lina chuma kidogo sana, nalo ni jambo la bahati, kwa sababu chuma huzima mng'ao huo. Ndiyo maana spineli nyingi za kwingineko, ambazo zina chuma zaidi, huwa na waridi tulivu lenye kijivu ndani yake, ilhali hii yako inaonekana kana kwamba imewashwa.

Sasa tazama ulichokiona mwenyewe. Kivulini mchana, mwanga unaokufikia unatoka angani na una bluu nyingi pamoja na miale isiyoonekana, kwa hiyo mng'ao wa jiwe huamka na kulijaza mwilini mote. Balbu ya manjano ina nyekundu kwa wingi na bluu kidogo; hapo jiwe hupitisha nyekundu hiyo na kuonekana limekolea. Taa nyeupe za dukani zina bluu ya kutosha lakini ni maskini wa nyekundu ya mbali, ndipo ile bluu kidogo iliyopita inapoonekana, nawe ukaona urujuani. Jiwe halikubadilika hata chembe. Lililobadilika ni chakula cha mwanga ulicholipa. Kuna vito ambavyo kweli hubadilika rangi kutoka familia moja hadi nyingine, kama aleksandriti, inayoonekana ya kijani mchana na nyekundu chini ya balbu ya manjano, lakini spineli yako haiko katika kundi hilo. Inatembea ndani ya familia moja tu, kutoka waridi baridi hadi waridi lenye joto.

Kuhusu kitambaa, hakuna kinachoweza kufanana nalo, na ningependa usijilaumu wala usimlaumu muuza duka. Kitambaa cha kawaida humeza tu. Tena uso wake hurudisha mwanga mweupe pande zote na kuuchanganya na rangi, ndiyo maana kando ya jiwe kinaonekana kimepakwa vumbi. Kashata na nyama ya pera ni vilevile, kwa kuwa mwanga haupiti ndani yake ila huishia juu juu. Juisi ya rosela ilikaribia kwa sababu uliiinua kwenye jua, na mwanga ukapenya kimiminika chote kabla ya kukufikia, kama unavyopenya ndani ya jiwe. Hata hivyo rangi ya rosela hutokana na anthosianini, ambayo huwa nyekundu penye uchachu na kugeukia bluu ukiitia magadi, nayo hupauka ikikaa juani. Rangi ya bogenvilia na ile ya bitiruti hutokana na kemikali nyingine, betalaini, ambayo pia haidumu. Kromiamu ya Mahenge imo ndani ya fuwele kwa zaidi ya miaka milioni 500 na haijapauka.

Ukitaka kitu cha kila siku ambacho kweli ni ndugu wa jiwe lako, chukua ile kalamu ya waridi inayong'aa ambayo wanafunzi hupigia mistari vitabuni, uchore alama kubwa kwenye karatasi nyeupe na uitazame kivulini. Wino huo humeza miale ya kijani na ya bluu na kuirudisha ikiwa ya waridi, kwa njia inayokaribiana sana na ya spineli. Vizibao vinavyong'aa vya waendesha bodaboda hutumia kanuni hiyohiyo, ila kwa manjano na chungwa. Simshauri mtu avae kizibao harusini, bali nataka uone kwamba kinachokushinda kulinganisha ni mng'ao wenyewe, wala si ukosefu wa rangi sahihi madukani.

Mwenyeji wa Ulanga alijibu:

Nimefurahi kuona jina la kwetu likitajwa kwa heshima, na ninaongezea machache kuhusu mahali jiwe hilo lilipotoka, kwa sababu naamini mtu anayevaa kito anastahili kujua ardhi yake.

Milima inayouzunguka mji wa Mahenge ina tabaka nene za marumaru. Marumaru hiyo ilikuwa chokaa ya kale, ikapikwa na kukandamizwa chini sana ardhini katika ule ukanda mrefu wa miamba ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji, unaopita Afrika Mashariki kutoka kusini hadi kaskazini. Spineli ilizaliwa humo. Mchimbaji anapoikuta ingali kwenye mwamba wake, huona kipande chekundu au cha waridi kimekaa katikati ya weupe, na kwa maoni yangu huo ndio mpangilio wa rangi ulio mzuri kuliko wote: waridi juu ya marumaru. Wanaotafuta rangi za harusi waanzie hapo.

Umaarufu ulikuja mwaka 2007, pale fuwele kubwa mno zilipopatikana Ipanko, karibu na Mahenge, moja yao ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Sehemu kubwa ya fuwele hizo ilikuwa na nyufa na haikufaa kukatwa, lakini vipande safi vilivyotolewa ndani yake vilizaa mawe ya waridi linaloelekea wekundu, ambayo soko la dunia lilikuwa halijayaona kwa wingi wala kwa ukubwa huo. Tangu hapo wanunuzi wa Bangkok na kwingineko hulitamka jina la Mahenge kama jina la rangi.

Hilo lina upande wake wa pili, na hapa sikubaliani kabisa na namna Mkata Vito alivyoeleza, kana kwamba kila jiwe la Mahenge lina mng'ao mmoja. Kwetu hutoka pia spineli za waridi jepesi sana, nyingine za zambarau iliyochanganyika na kijivu, na nyingine zenye chungwa kidogo ndani yake. Zote ni za Mahenge, na mchimbaji aliyezitoa kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, ametoa jasho lilelile. Tena Mahenge si mahali pekee mkoani Morogoro penye spineli, maana Matombo, chini ya milima ya Uluguru, nako hutoka, na mbali kusini, Tunduru, hupatikana katika changarawe za mito. Wauzaji wasio waangalifu huyaita yote Mahenge kwa sababu jina hilo huongeza bei. Ninachoomba mnunuzi afanye ni kununua kwa mwenye leseni au kupitia masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019, na kudai stakabadhi, ili mrabaha ulipwe na wilaya iliyotoa jiwe ipate haki yake.

Mkata Vito wa Arusha alijibu:

Ndugu yangu wa Ulanga, marekebisho yako nimeyapokea kwa mikono miwili. Niliyoyasema yanahusu mawe ya waridi lenye kromiamu nyingi na chuma kidogo, kama lile alilotueleza dada; yale ya zambarau na kijivu yana hesabu nyingine, na mimi binafsi nayapenda pia.

Mama Vitambaa, Kariakoo, alijibu:

Mwanangu, pole na mizunguko ya madukani, na Mungu awajalie harusi ya heri. Mimi nauza vitambaa na kushona sare za sherehe, na swali la kufananisha kitu kidogo kinachong'aa na nguo za watu mia mbili hulipokea mara nyingi, ingawa mara nyingi kitu chenyewe huwa ni ua au kiatu. Mkata Vito amenieleza leo sababu ya jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa macho tu.

Shauri langu la kwanza ni kuacha kabisa kutafuta waridi lilelile. Ukiwavika akina mama wote waridi linalokaribia rangi ya jiwe, pete yako itapotea siku hiyo, kwa sababu jicho la mtu likijazwa rangi moja huizoea na kuacha kuiona. Jiwe la karati mbili ni dogo kama punje ya dengu. Halina uwezo wa kushindana na gauni la mita nne. Lazima lizungukwe na rangi zinazoliachia nafasi ya kuonekana.

Rangi hizo ziko katika njia mbili. Njia ya kwanza ni kubaki katika ukoo wa waridi lakini kwenda mbali nalo, ama kwa kupanda hadi kwenye weupe wenye joto ulioguswa na waridi kwa mbali sana, ama kwa kushuka hadi damu ya mzee. Damu ya mzee katika satini nzito au velveti ina kina kinachofanya jiwe dogo lionekane limewaka, na inawapendeza akina mama wa rangi zote za ngozi, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu waridi kali. Njia ya pili ni kuvuka upande wa pili na kuchukua kijani. Nasema kijani kizito cha jani la mkorosho, wala si kile cha limau. Jicho lililotoka kwenye kijani likitua kwenye waridi huliona limekolea zaidi. Ndiyo maana ua la bogenvilia hupendeza likiwa bado kwenye majani yake na huonekana kawaida tu likishachumwa na kuwekwa kwenye bakuli. Kanga zetu za pwani zinaijua siri hii siku nyingi, kwani utakuta pindo la kijani au jeusi limeushika mji wa waridi, na bila pindo hilo waridi lenyewe lingetawanyika.

Kuhusu weupe, yuko sahihi kabisa ndugu wa Ulanga aliyetaja marumaru, lakini chagua weupe wa maziwa au wa pembe, usichague ule mweupe mkali wa dukani. Vitambaa vingi vyeupe vipya hutiwa dawa ya kung'arisha inayotoa bluu juani, na nguo ya namna hiyo kando ya waridi hufanya mambo mawili mabaya: hulipoza jiwe, na hupoteza sura ya bibi harusi kwenye picha. Sabuni nyingi za unga zina dawa hiyohiyo, kwa hiyo vitambaa vya meza vya rangi ya maziwa vikifuliwa ovyo kabla ya siku yenyewe vinaweza kugeuka.

Aina ya nguo nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pamba isiyong'aa na kitenge cha kawaida hurudisha mwanga pande zote, kama alivyoeleza Mkata Vito. Hariri, satini na organza huwa na sehemu za kung'aa na sehemu za kivuli ndani ya mkunjo mmoja, na mwanga hupita katika shifoni nyembamba kabla ya kukufikia. Kama ni lazima waridi liwepo mahali fulani, kwa mfano kwenye mkanda wa kiunoni au utepe wa kadi, liweke katika organza au shifoni, kipande kidogo, tena tabaka mbili za rangi zinazotofautiana kidogo, moja ikielekea tikiti maji na nyingine ikielekea zambarau. Zikipishana utapata kitu kinachobadilika mtu anapotembea, na hapo ndipo utakapokuwa umekaribia zaidi.

Nenda dukani kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na utoke na sampuli hadi mlangoni kivulini. Usikate kitambaa kwa kuamini taa za ndani.

Sonara wa Mji Mkongwe alijibu:

Nami nichangie kuhusu pete, kwa kuwa madini yatakayolishika jiwe yatakuwa jirani yake wa karibu kuliko nguo yoyote.

Dhahabu ya karati 18 (karati hii ni ya usafi wa dhahabu, si ya uzito kama ile ya jiwe) ina dhahabu halisi asilimia 75, na robo iliyobaki ndiyo inayoamua rangi. Ikiwa ni fedha na shaba kwa uwiano wa kawaida, utapata dhahabu ya manjano; shaba ikizidi sana, utapata dhahabu nyekundu, ambayo siku hizi vijana huitaka kwa sababu nayo ina uwaridi. Ninakusihi usiichukue kwa jiwe hili. Uwaridi wa shaba ni wa kahawia ndani yake, na ukiuweka karibu na spineli ya Mahenge, pete huonekana chafu na jiwe huonekana limepungua. Dhahabu ya manjano hulipa joto na kulivuta upande wa tikiti maji. Dhahabu nyeupe au platini hulipoza na kulivuta upande wa urujuani, lakini hulionyesha rangi yake bila kuiongezea kitu. Mimi ningechagua ya manjano, kwa kuwa wanawake wa kwetu huvaa pete pamoja na bangili na mikufu ya manjano, na pete nyeupe peke yake mkononi huonekana ngeni. Najua wakata vito wengi watanipinga.

Lifungwe wazi nyuma. Zamani, kabla ukataji haujawa mzuri, masonara wengi walifunga vito kwenye kikombe kilichozibwa na kuweka jani jembamba la metali chini yake ili mwanga urudi. Jiwe lako halihitaji msaada huo, na kikombe kilichozibwa kingeuzuia mwanga wa kando ambao ndio unaouamsha mng'ao wake. Kucha nne au sita zinatosha. Ugumu wa spineli ni 8 katika kipimo cha Mohs, juu ya kwatzi, ambayo ni 7 na imo katika vumbi la kila siku, na haina tabia ya kupasuka kwa kufuata tabaka kama almasi au topazi. Kwa hiyo pete ya kuvaliwa kila siku inaifaa.

Shangazi aliyekuwa na wasiwasi anaweza pia kuambiwa kwamba spineli imekaa kwenye taji za wafalme kwa karne nyingi watu wakiidhani yakuti. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lenye karati zipatazo 170 na linaloitwa yakuti ya Black Prince hadi leo, ni spineli. Wanasayansi walizitenganisha rasmi spineli na yakuti mwishoni mwa karne ya 18, na rangi zao zinafanana kwa sababu zote mbili hupakwa na kromiamu ileile.

Binti wa Uluguru aliandika tena:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Mama Vitambaa, shikamoo, na ushauri wako nimeusoma kwa sauti mbele ya wifi zangu. Tumekubaliana damu ya mzee kwa akina mama, rangi ya maziwa kwenye meza, na majani ya kijani kizito katikati ya maua meupe. Waridi litabaki kwenye utepe wa kadi na kwenye mkanda wangu tu.

Limebaki jambo la shangazi. Ametaka tuthibitishe kwamba jiwe ni la asili na kwamba halikuchomwa kwa joto ili kuongezwa rangi, kama alivyosikia kuhusu tanzanaiti. Tena ukumbi tulioukodi una taa za rangi za kubadilika, na nahofia jiwe litaonekana vipi.

Mkata Vito wa Arusha alijibu:

Dada, shangazi anauliza swali la haki, na lina majibu ya kupimika. Ni kweli kwamba tanzanaiti nyingi huchomwa ili rangi ya kahawia iondoke na bluu ijitokeze, na hilo linakubalika sokoni likielezwa wazi. Kwa spineli ya waridi joto halileti faida kubwa, kwa hiyo kwa kawaida huuzwa kama ilivyotoka ardhini baada ya kukatwa tu. Hiyo ni mojawapo ya sababu za wanunuzi kuiamini.

Uasili wake hupimwa kwanza kwa kipimo cha namna jiwe linavyopinda mwanga. Spineli ya asili ya waridi husoma karibu 1.718, na hutoa usomaji mmoja tu hata ukiizungusha. Safaya ya waridi husoma kati ya 1.762 na 1.770 na hutoa mistari miwili. Turumalini ya waridi husoma karibu 1.62 hadi 1.64, na mistari yake miwili imeachana sana hivi kwamba kwa lensi ya mkono unaweza kuona kingo za nyuma za jiwe zikiwa mbilimbili. Spineli ya kiwandani iliyotengenezwa kwa kuyeyusha unga kwenye mwali wa moto husoma juu kidogo, karibu 1.728, na mara nyingi huwa na viputo vya hewa. Ipo nyingine ya kiwandani inayokuzwa polepole ndani ya kimiminika cha kemikali, nayo ni ngumu kuitambua bila mtaalamu na darubini, kwa kuwa husoma kama ya asili.

Tochi ya miale isiyoonekana, ile ambayo madalali hubeba mfukoni, italifanya jiwe lako liwake jekundu kama kaa la moto. Jaribio hilo linapendeza lakini lisikubaliwe kuwa ushahidi peke yake, maana yakuti huwaka vilevile, na za kiwandani zenye kromiamu huwaka pia. Linachosaidia ni kuondoa mashaka ya turumalini na ganeti, ambazo kwa kawaida hubaki zimelala.

Kuhusu ukumbi, taa za bluu na za zambarau zitalifanya jiwe ling'ae jekundu kuliko wakati mwingine wowote, na picha za hapo mtazipenda. Taa za kijani ndizo za kuepuka, kwa kuwa jiwe humeza sehemu kubwa ya kijani na linaweza kuonekana limefifia na kuwa na giza. Mwambieni mtu wa taa asiziwashe wakati wa kuvishana pete. Mpiga picha naye aweke kamera yake kwa mwanga wa ukumbi huo kabla ya shughuli kuanza, na asiiachie ichague yenyewe, kwa sababu kamera ya kujichagulia huona waridi jingi na kulipunguza, kisha nyuso za watu nazo hupauka.

Pelekeni jiwe kwenye maabara ya vito kabla sonara hajalifunga. Likiwa huru linawekwa kwenye mizani na kupimwa urefu, upana na kina, na cheti kitaandikwa kwa vipimo vyake halisi. Likishafungwa, uzito hukadiriwa tu na sehemu ya chini haionekani vizuri kwenye darubini. Hakikisheni cheti kimetaja wazi kama ni la asili na kama kuna dalili zozote za kuchomwa, na mlipige picha likiwa juu ya karatasi nyeupe, kivulini, mchana.